Nguruwe wa Jamaa: Je, Ufugaji Wetu Utadumu?

Jumapili moja ya kiangazi, tulipotoka Misani, jirani yangu alinifuata hata nyumbani, daftari la shule kwapani. Tuliketi chini ya mti wa avoka. Mke wangu akatuletea viazi vitamu vya kuchemsha, lakini mgeni hakuvigusa. Alifungua daftari lake, akanionyesha ukurasa uliojaa tarakimu.

«Mwalimu,» akasema, «nitazamie hesabu hii. Nimekusudia kuuza shamba la migomba lililo bondeni, ninunue majike wanne wa nguruwe wa kizungu. Kila jike huzaa mara mbili kwa mwaka. Kila mara watoto tisa. Nne mara mbili mara tisa, sabini na mbili. Mwakani binti yangu aingia mwaka wa tatu wa sekondari, na mdogo wake yu nyuma yake. Nikiwa na nguruwe sabini na wawili, nitahangaika na nini tena?»

Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali imetangazwa kuwa ya bure, lakini ya sekondari bado inamwamsha baba wa jamaa usiku. Nalimwelewa. Hata hivyo nalimwomba anipe majuma mawili kabla ya kumjibu. Hakupendezwa, kwa maana mnunuzi wa shamba alikuwa mtu wa mjini, na watu wa mjini hawangoji. Sikuomba majuma hayo kwa sababu ya busara tu. Kulikuwa na sababu nyingine ya kunitia aibu, nami nitaisema mahali pake.

Swali la jirani yangu si lake peke yake. Katika vilima vyetu, kati ya Kabare na Walungu, zamani mali ya mtu ilikuwa ng'ombe. Ng'ombe alilipa mahari, alilipa deni, alilipa mganga. Vita vya mwaka 1996 na vile vilivyofuata viliwachukua ng'ombe wengi. Na mashamba yamegawanywa kati ya ndugu hata malisho yamekwisha. Ndipo watu walipogeukia wanyama wadogo: kuku, sungura, simbilisi, na zaidi nguruwe. Nguruwe hadai malisho, huzaa upesi, na siku ya shida hupata mnunuzi kabla ya jua kuchwa. Basi si ajabu kwamba wengi wamtumainia. Lakini faida ya mwaka mmoja ni jambo moja, na kazi itakayosimama mwaka wa tano ni jambo lingine. Hili la pili ndilo nililotaka kulipima.

Hesabu ya daftari na hesabu ya zizi

Jike wa nguruwe huchukua mimba siku 114. Wafugaji wa Ulaya huikumbuka hesabu hiyo hivi: miezi mitatu, majuma matatu, siku tatu. Watoto hunyonya majuma sita au manane, na siku chache baada ya kuachishwa kwao mama yuko tayari kumpokea dume tena. Kwa hiyo kuzaa mara mbili kwa mwaka kwawezekana, na daftari la jirani yangu halikusema uongo. Lakini lilinyamazia jambo kubwa, nalo ni chakula.

Jike mkubwa wa aina ya Large White au Landrace, mwenye kuzaa na kunyonyesha mara mbili kwa mwaka, hula zaidi ya kilo 1000 za chakula kikavu katika mwaka huo. Majike wanne watakula zaidi ya kilo 4000, ndiyo magunia 40 ya kilo 100, kabla mtoto hata mmoja hajatia pua yake kihorini. Na mtoto naye akiisha kuachishwa, ili aongeze kilo 1 ya mwili, ataka karibu kilo 3 za chakula kilichopangwa vema, chenye nafaka na soya kwa kipimo chake. Akilishwa maganda na majani tu, ataka zaidi sana, tena atakawia. Nani katika mlima wetu avunaye magunia 40 ya mahindi ili awape nguruwe, hali watoto wake wakila mara moja kwa siku?

Hapa yafaa kukumbuka jinsi Mungu alivyomwumba mnyama huyu. Ng'ombe na mbuzi wana matumbo ya kucheua. Hugeuza majani makavu, asiyoweza kula mtu, yakawa nyama na maziwa. Nguruwe ana tumbo moja kama letu. Apenda tupendacho: mahindi, mihogo, viazi, maharagwe. Majani ya viazi vitamu na lengalenga humfaa sana, lakini hayatoshi kumkuza. Basi nguruwe mmoja au wawili katika jamaa hula yale tuliyoyabakiza: maganda, pumba, ndizi zilizooza, machicha ya kasiksi, mashudu ya mawese kwa wenye kuyapata. Nguruwe ishirini hula yale ambayo tungalikula sisi. Mpaka kati ya mabaki na sahani ya mtoto hauonekani kwa macho, lakini kila mama wa nyumba aujua.

Walio karibu na Bukavu walikuwa wakinunua machicha ya kiwanda cha pombe. Ni chakula kizuri, chenye nguvu kupita maganda yetu, ila kina maji mengi na huchacha baada ya siku chache. Tena mwenye zizi lililojengwa juu ya machicha ya mtu mwingine humtegemea huyo mtu. Siku ambayo barabara imefungwa, nguruwe hatajua kwamba imefungwa. Atalia tu.

Na lile shamba la bondeni, lililokuwa tayari kuuzwa, lilikuwa nini? Ndizi mbovu, maganda, machicha ya kasiksi, majani ya kutandika, vigogo vya migomba vya kukatakata pamoja na pumba. Karibu nusu ya chakula cha nguruwe wawili aliokuwa nao ilitoka huko. Jirani yangu alitaka kuuza sahani ili amnunue mlaji.

Mnyama atembeaye, mnyama wa kamba, mnyama wa zizi

Kwetu kuna namna tatu za kufuga. Wengine humwachia nguruwe atembee ajitafutie. Wengine humfunga kamba mguuni au kifuani, wakimhamisha asubuhi na jioni. Wengine humjengea zizi la miti lililoinuliwa juu ya ardhi, au la matofali.

Mnyama atembeaye agharimu kidogo kuliko wote, na kwa hiyo watu humwona kuwa ndiye wa faida. Mwenyewe hatoi chakula, hatoi maji, hatoi jasho. Gharama yake hulipwa na wengine: jirani ambaye viazi vyake vimefukuliwa, chifu anayeamua kesi kila juma, na jambo baya kupita yote, ambalo wengi hawalijui, nami nataka kulieleza polepole.

Kuna mnyoo uitwao tegu. Tegu mkubwa hukaa katika utumbo wa mwanadamu, hana makao mengine, na urefu wake hufika mita 2 au 3 na kupita. Vipande vyake vilivyojaa mayai hutoka na choo. Mtu akijisaidia migombani, nguruwe mwenye kutembea atakula choo hicho; na mayai yakiingia tumboni mwake hupasuka, vijidudu hupenya hata katika nyama yake, huko vikawa vifuko vidogo vyeupe mfano wa punje za mchele. Ndiyo maana wanunuzi sokoni humwangusha nguruwe, humfungua kinywa kwa fimbo na kutazama chini ya ulimi. Wafanya vema, ila ulimi huonyesha tu nguruwe aliyejaa vifuko. Mwenye vichache hupita. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, hupata tegu tumboni. Hapo mzunguko umefungwa.

Lakini sikilizeni jambo la pili, ambalo wengi hulikosea. Mtu akimeza mayai yenyewe, yaliyo katika mikono michafu ya mwenye tegu, au katika maji, au katika mboga zisizooshwa, humtendea kama yanavyomtendea nguruwe: hupenya mwilini, nayo yakifika ubongoni hufanya vifuko huko. Mtu huyo huanza kuanguka kifafa. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba mahali penye ugonjwa huu, karibu 30 kwa mia ya wenye kifafa wana vifuko hivyo ubongoni. Basi mtu asiyeonja nyama ya nguruwe tangu kuzaliwa kwake, awe Mwislamu au Msabato, aweza kuanguka kifafa kwa sababu ya jirani yake aliyefuga ovyo na kukosa choo. Nami nimefundisha watoto waliofukuzwa na wenzao katika dawati kwa sababu ya kifafa, watu wakisema ni pepo au ni urogi.

Dawa zipo: ya kumtoa mtu tegu, na ya nguruwe iitwayo oksifendazoli. Lakini ufugaji unaohitaji dawa kila mwaka kwa sababu ya kukosa shimo la choo haujasimama. Jembe na siku tatu za kazi hushinda sanduku la vidonge.

Mnyama wa kamba ni afadhali kidogo, kama mahali anapofungwa ni safi. Hata hivyo kamba humjeruhi, jua humtesa (nguruwe hatoki jasho kama sisi, ndiyo sababu hutafuta matope), na hukutana na kila mnyama apitaye. Zizi ndilo bora. Lakini zizi lina sheria yake: tangu siku ile umfungiapo mnyama, wewe umekuwa miguu yake. Asichochotewa hatakunywa. Jike anyonyeshaye aweza kunywa lita 20 kwa siku na kupita, na kisima chetu ki mbali kwa mwendo wa robo saa.

Nani achotaye? Nalitazama katika jamaa zote za mtaa wetu, na kwangu pia. Ni mama na mabinti. Baba asema «nguruwe wangu», na siku ya kuuza ni yeye aendaye sokoni. Ufugaji ambao mmoja abeba ndoo na mwingine abeba fedha haukai miaka mingi, maana siku moja ndoo itabaki chini. Tena binti achotaye lita 80 za maji ya majike wanne kila siku, ataingia darasani saa ngapi? Na ni kwa ajili ya masomo yake walinunuliwa.

Homa isiyo na dawa

Sasa nimefika penye sababu ya aibu yangu.

Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa na wataalamu mara ya kwanza katika nchi ya Kenya, mwaka 1921, walipoona nguruwe wa walowezi wakifa wote pamoja. Virusi vyake vilikuwapo tangu zamani katika ngiri na katika papasi wakaao mashimoni mwao. Ngiri havimdhuru. Nguruwe wa kufugwa vyamwua: hupata homa kali, hukataa chakula, masikio na tumbo hugeuka rangi ya zambarau, na wengi hufa katika siku chache. Mahali pengine hufa wote. Mtu haumwi na homa hii hata akila nyama yake; na hilo, ambalo lingekuwa faraja, ndilo limekuwa msiba, kwa sababu nyama ya mgonjwa huuzwa na kuliwa bila hofu, huku virusi vikisafiri ndani yake. Vyakaa miezi katika nyama ya kukaushwa au ya chumvi. Vyasafiri pia kwa viatu, kwa panga la mchinjaji, kwa kamba, kwa gari, na kwa dume wa kuazima apitaye zizi hata zizi.

Kwa njia hiyo homa ilitoka Afrika ikafika Ureno mwaka 1957. Mwaka 2007 ilishuka katika nchi ya Georgia, na kutoka huko ikaenea Urusi na Ulaya. Agosti 2018 ilionekana China, nchi yenye karibu nusu ya nguruwe wote wa dunia, na mamilioni mengi walikufa au kuuawa. Hata mazizi makubwa yenye madaktari na milango ya chuma yaliangamia. Vietnam ilianza kuruhusu chanjo mwaka 2022. Lakini huku mlimani sijaona bado nguruwe aliyechanjwa dhidi yake.

Miaka mitatu iliyopita tulikuwa na ubatizo wa mtoto wetu. Sokoni nalikuta nyama ya nguruwe kwa nusu ya bei. Mwenye busara angaliuliza kwa nini, mimi nalifurahi. Mke wangu aliiosha, na maji ya kuoshea pamoja na mabaki ya mifupa tukayamimina kihorini, kama tulivyofanya siku zote. Siku ya sita jike wetu alikataa chakula. Siku ya kumi na moja zizi lilikuwa kimya: jike na watoto wake watano. Juma lililofuata wakafa nguruwe watatu wa jirani, waliofungwa kambani hatua thelathini kutoka kwetu.

Jirani alisema ni sumu. Alimshuku mzee mmoja waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, na tangu siku ile hawakusalimiana. Nyinyi mwajua neno la sumu lilivyo katika nchi yetu, na jinsi linavyoweza kumwisha mtu. Nami nalikuwa nimekwisha kuelezwa na mganga wa wanyama jinsi homa ilivyoingia kwangu. Nalijua. Lakini nalinyamaza, kwa kuogopa kudaiwa nguruwe watatu, na zaidi kwa kuogopa kwamba watu wangesema: tazama, mwalimu.

Mtu aliyeniuzia ile nyama simlaumu sana leo. Yeye naye aliona mnyama wake anakataa chakula, akajua kwamba kesho atakuwa mzoga, akamchinja leo. Katika nchi tajiri serikali humlipa mwenye zizi lililoteketezwa. Kwetu, kwa kawaida, mwenye kutangaza ugonjwa hupata hasara na kuchekwa juu yake. Hiyo ndiyo sababu homa husafiri kwa haraka kuliko habari zake. Na kizuizi ni rahisi kutaja: makombo yenye nyama yasipewe nguruwe, au yachemshwe nusu saa kamili huku yakikorogwa, mgeni asiingie zizini na viatu vyake, mnyama aliyenunuliwa akae peke yake majuma matatu au manne, aliyekufa azikwe kwa kina, na zizi lililofiwa lioshwe, likae tupu siku 40 na zaidi. Ni rahisi kutaja, nimesema. Nusu saa ya kuchemsha ni kuni, na kuni ni binti yule yule.

Yaliyowapata watu wa Haiti

Wengine watasema: basi dawa ni kuwaacha nguruwe wetu wadogo weusi, tulete wa kizungu, tujenge kisasa. Wajue habari ya Haiti.

Katika nchi hiyo wakulima walikuwa na nguruwe mdogo mweusi aitwaye nguruwe wa Kreoli. Alikula mabaki, alivumilia jua na njaa, na alikuwa akiba ya jamaa: arusi, mazishi, kufungua shule mwezi wa Oktoba, vyote vililipwa naye. Mwaka 1978 homa hii ya Afrika iliingia katika nchi ya jirani, Jamhuri ya Dominika, ikavuka mpaka. Marekani, Kanada na Meksiko ziliogopa mazizi yao, zikatoa fedha ili nguruwe wote wa Haiti wauawe. Kufikia mwaka 1983 nguruwe wa Kreoli alikuwa amefutika nchini. Fidia iliahidiwa, lakini wakulima wengi hawakuiona.

Kisha wakaletwa nguruwe wakubwa weupe kutoka Marekani. Wageni hawa walitaka sakafu ya saruji, paa, maji safi na chakula cha viwandani kinunuliwacho kwa fedha za kigeni. Wakulima, ambao wengi hawakuwa na sakafu ya saruji katika nyumba zao wenyewe, waliwacheka wakiwaita wana wa mfalme wenye miguu minne. Wengi wa wageni walikufa, na maskini akabaki bila akiba. Watu waliohesabu sababu za hasira iliyomwangusha Duvalier mwaka 1986 hawamsahau nguruwe. Baadaye, kwa msaada wa Wafaransa, ililetwa aina nyingine iliyochanganya damu ya nguruwe wa Gascony, wa China na wa Guadeloupe, yenye kuvumilia zaidi. Na mwaka 2021 homa ile ilirudi tena kisiwani.

Sisemi kwamba nguruwe wa kizungu ni mbaya. Piétrain, aliyepewa jina la kijiji cha Ubelgiji, ana mapaja ambayo mchinjaji huyaota usiku. Lakini kila aina ya mnyama imezoea sahani yake, na mwenye kununua mnyama hupewa mnyama tu, sahani hapewi. Chotara wa dume wa kizungu na jike wa kwetu hukua upesi kuliko mama yake, na hafi haraka kama baba yake; kwa jamaa yenye shamba dogo sijaona bora kuliko huyo.

Mavi ya nguruwe, baraka na laana

Neno moja zaidi, kwa kifupi. Uholanzi ni nchi ndogo kuliko jimbo letu la Kivu ya Kusini, nayo ina nguruwe karibu milioni 10. Soya ya kuwalisha hutoka mbali, hasa Brazil. Nguvu ya udongo wa Brazil hupita katika matumbo ya nguruwe wa Uholanzi na kubaki huko kama mavi, mengi kupita mashamba yote ya kuyapokea, hata maji na hewa vikaharibika. Tangu mwaka 1984 serikali yao ilianza kuzuia mazizi yasiongezeke, na miaka ya karibuni imewalipa wafugaji ili wayafunge. Wao wana mavi yasiyo na shamba. Sisi tuna mashamba yaliyochoka, yasiyo na mavi, na bado twayaacha ya zizi letu yachukuliwe na mvua hata kisimani. Shimo lililofunikwa kwa majani ya migomba, likageuzwa mara mbili au tatu, hutoa mbolea ambayo kabichi na maharagwe huionyesha katika msimu ule ule. Kwangu, siku zile nilipokuwa na jike, nilivuna maharagwe mengi zaidi katika kipande kidogo cha nyuma ya nyumba kuliko sasa katika kile kikubwa. Ukiipima faida ya nguruwe kwa nyama peke yake, utaacha nusu ya hesabu nje.

Jibu

Majuma mawili yalipokwisha nalikwenda mwenyewe kwa jirani, jioni, bila daftari. Nalianza na habari ya ile nyama ya ubatizo. Alinisikiliza hata mwisho bila kunikatiza. Mkewe aliyekuwa akichambua sombe aliacha kuchambua. Kisha alisema neno moja tu:

«Miaka mitatu, Mwalimu.»

«Miaka mitatu, Baba,» nalimjibu.

Alinyamaza kitambo kirefu. Baadaye aliniambia nimsomee hesabu niliyoifanya, nami nikamsomea: magunia 40, lita 80 za maji kwa siku, choo ambacho bado hana, na homa ambayo hapatani nayo mtu. Aliuliza kama majike wawili wangewezekana. Mkewe akajibu kabla yangu: «Mmoja. Na ndoo za jioni utachota wewe.»

Shamba la bondeni halikuuzwa. Jirani alichimba choo kwanza, kisha akajenga zizi la miti lililoinuliwa, lenye mlango wa kufungwa, akanunua jike mmoja chotara. Asubuhi moja nalimwona akivuka mpaka kwenda kwa mzee yule aliyemshuku. Sikuuliza walizungumza nini, lakini sasa wasalimiana. Jike alizaa watoto saba. Mmoja alilaliwa na mama yake usiku wa pili. Waliobaki ni sita, si sabini na wawili. Watatu waliuzwa mwanzoni mwa Septemba, na binti akaingia shuleni siku ya kwanza pamoja na wenzake, jambo ambalo lilikuwa halijampata tangu aanze sekondari.

Nami nalimlipa nguruwe mmoja wa deni langu kwa fedha ya mshahara, na wawili bado. Juma lililopita alikuja nyumbani na mtoto mmoja wa jike lile ndani ya kapu. Alisema nimfuge, na watoto wawili wa uzazi wa kwanza watakuwa wake. Hivyo deni litajilipa. Zizi letu nimeliosha tena, ingawa limekaa tupu miaka mitatu. Mke wangu amenunua sufuria nyingine kwa ajili ya makombo, akaitia alama ya rangi nyekundu masikioni ili isichanganywe na ile ya maharagwe. Kuni za kuichemshia nakata mimi, Jumamosi, baada ya kusahihisha madaftari.